Nusu Mbili au Mzima Mara Mbili? Salum Abdallah wa Morogoro na Hesabu ya Uchotara



Niliombwa nizungumze juu ya muziki wa dansi kama chanzo cha historia ya miji yetu ya bara. Nitafanya hivyo kwa kumtazama mtu mmoja, Salum Abdallah Yazidu wa Morogoro, ambaye wapenzi wake walimfupisha kwa herufi tatu za majina yake wakamwita SAY. Sikusudii kusimulia maisha yake yote. Kazi hiyo ilikwishafanywa na Jumaa Mkabarah katika kitabu kilichochapwa Dar es Salaam mwaka 1972, nacho hadi leo ni miongoni mwa tawasifu na wasifu wachache wa Kiswahili unaomhusu mwanamuziki. Ninachotaka kukidadisi ni jambo moja ambalo kwa kawaida hutajwa katika sentensi ya kwanza ya habari zake kisha likaachwa hapo: kwamba baba yake alikuwa Mwarabu na mama yake alikuwa Mluguru. Watu waliozaliwa kama yeye walijiona ndani yake. Nami ni mmoja wao, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianzia nyumbani.

Nyumba tuliyokulia ilikuwa nyuma ya duka la baba, karibu na soko la Morogoro. Baba alikuwa mjukuu wa Mshihiri. Mama alikuwa mzaliwa wa Matombo, upande wa pili wa milima ya Uluguru. Katika miaka ya mwisho ya 1960, Salum akiwa amekwishafariki, Radio Tanzania Dar es Salaam iliendelea kuzipiga nyimbo zake, na kila zilipopigwa, mambo mawili yalitokea nyumbani kwetu pasipo kukosa. Baba, akiwa kwenye mizani yake, angesema, "Huyo ni mtoto wa Yazidu," kwa sauti ya mtu anayemtaja jamaa. Mama, akiwa uani, angesema, "Huyo ni mtoto wa dada yetu." Hawakuwa wakibishana. Kila mmoja alikuwa akitoa taarifa aliyoiona ni kamili. Sikumbuki hata siku moja kumsikia yeyote kati yao akisema kwamba Salum alikuwa nusu ya kitu chochote.

Neno la unusu nililikuta shuleni. Karani aliyekuwa akijaza daftari la wanafunzi alifika kwenye safu ya kabila, akanitazama nywele, akalitazama jina la baba, akaniuliza jina la mama, kisha akaandika "chotara" bila kuniuliza neno jingine. Mwenzangu mmoja akanifafanulia maana yake wakati wa mapumziko, kwa vidole: nusu hii, nusu hii. Jioni nilimuuliza mama ni nusu ipi iliyokuwa yake. Alicheka, lakini hakunijibu.

Ilinichukua miaka mingi ya kusoma historia kutambua kwamba kicheko kile kilikuwa jibu la kitaalamu. Waluguru ni jamii inayofuata nasaba ya mama. Mtoto huingia katika lukolo la mama yake, yaani ukoo wake, na haki yake katika ardhi ya ukoo, nafasi yake katika matambiko na mahali pake kwa wajomba hutokana na tumbo lililomzaa. Kwa hesabu hiyo, asili ya baba haipunguzi kitu. Mwanamke wa Kiluguru akizaa na Mzigua, na Mnyamwezi, au na Mwarabu mwenye duka, anazaa mtu wa lukolo lake.

Sasa geukieni upande wa pili. Kwa Waarabu nasaba hufuata baba, nayo kwa mtazamo huo haipunguzwi na mama. Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888, alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Nduguye Majid, aliyemtangulia, alizaliwa na suria wa Kicherkasi. Watu waligombania mengi katika ufalme ule, na Barghash mwenyewe aliwahi kuasi na kuhamishiwa Bombay, lakini umama wa Kihabeshi haukumfanya awe nusu sultani. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa huru na mrithi. Neno letu suriama lilitokana na mahali hapo, nalo awali lilieleza hali ya mama, si kipimo cha damu ya mtoto.

Kwa hiyo mtoto wa baba Mwarabu na mama Mluguru, aliyezaliwa Morogoro mwaka 1928 kama Salum, alizaliwa katikati ya hesabu mbili ambazo kila moja ilimpa jumla kamili. Alikuwa Mwarabu mzima kwa baba na Mluguru mzima kwa mama. Laiti baba angekuwa Mluguru na mama Mwarabu, hesabu zote mbili zingempa sifuri. Hali hiyo ya pili haikutokea mara nyingi, na sababu yake si nzuri kuisimulia: Waarabu wa Hadhramaut walishika sana sharti la kufu katika kuoza binti zao, na sharti hilo halikuwabana wana wao wa kiume walipotaka kuoa wenyeji. Uchotara tunaouzungumzia ulikuwa na mlango mmoja tu, na wanawake wa upande mmoja hawakuruhusiwa kuupita. Tusije tukaupamba kupita kiasi.

Nani basi alileta nusu? Kwa maoni yangu, ni karatasi. Serikali ya Kiingereza ya Tanganyika iliihesabu nchi kwa mafungu ya rangi. Sensa ya 1948 na ile ya 1957 ziliwahesabu Waafrika kando na wasio Waafrika kando, kana kwamba ni nchi mbili zilizokaa juu ya udongo mmoja. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kila mgombea alisimama katika fungu moja tu. Katika utaratibu kama huo mtu mzima mara mbili ni usumbufu kwa karani. Ama akatwe afae fungu moja, ama aandikiwe neno linaloonyesha kwamba hakufaa popote. Chotara, neno ambalo wanakamusi hulihusisha na lugha za Bara Hindi, lilikuwa tayari mtaani, likapata kazi mpya ofisini.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili watakuwa wamekwishaona ninakoelekea, maana hesabu hiihii imetumika juu ya lugha yetu. Kwa muda mrefu waandishi wa kigeni walikieleza Kiswahili kuwa ni lugha chotara, nusu Kiarabu na nusu Kibantu, wakahesabu maneno ya mkopo kana kwamba wanapima damu. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha 1985, walionyesha kwa ushahidi wa isimu na akiolojia kwamba lugha hii ni ya Kibantu kwa nasaba yake, na kwamba mikopo ya Kiarabu iliingia katika mwili uliokwisha kuwa kamili. Alamin Mazrui na Ibrahim Noor Shariff, mwaka 1994, waliihamisha hoja kutoka kwenye lugha hadi kwa watu wenyewe. Walichokipinga wote hao si ukweli wa kuchanganyika. Ni kule kudhani kwamba kilichochanganyika lazima kiwe pungufu.

Nirudi Morogoro. Mji huu ni mtoto wa njia. Katika karne ya 19 ngome ya Kisabengo ilikaa juu ya barabara ya misafara, na Stanley alipita hapo mwaka 1871 akielekea Ujiji. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1907. Mashamba ya mkonge yakaleta vibarua kutoka kila upande, na wenye maduka, Wahindi na Waarabu, wakafuata mishahara. Waluguru waliteremka milimani na mboga na ndizi zao siku za soko. Ndoa kati ya mwenye duka na binti wa mlimani haikuwa ajabu katika mji wa namna hiyo. Kwa mwenye duka ilikuwa pia njia ya kupata wakwe, wadhamini na lugha.

Katika miji kama huo vijana walitafuta namna ya kujipanga ambayo haikutegemea wazazi walitoka wapi. Ngoma ya beni, pamoja na mashindano yake ya Marini na Arinoti, ilikuwa imewafundisha baba zao kwamba mtu anaweza kuwa wa kundi kwa kuvaa, kuchanga na kucheza. Muziki wa dansi uliurithi mtindo huo. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1948 Salum, kijana wa miaka 20, alianzisha bendi yake aliyoiita La Paloma, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Tangu hapo mji ulikuwa na pande mbili, na nyumba moja iliweza kuwa na ndugu wawili wasioelewana Jumamosi jioni. Wala si kwa sababu ya Uarabu au Uluguru, bali kwa sababu mmoja ni wa Morogoro Jazz na mwingine ni wa Cuban Marimba. Mwanahistoria akiuliza watu wa mji ule waligawanyikaje, asitazame sensa peke yake.

Niliseme kidogo jina la bendi, kwa kuwa naona ndani yake jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. La Paloma ni wimbo uliotungwa na Mhispania, Sebastián Iradier, katika karne ya 19, kwa mahadhi ya Havana. Tangu miaka ya 1930 santuri za muziki wa Kuba, zile zilizobandikwa herufi G.V., ziliuzwa katika miji ya Afrika, na vijana wa Léopoldville, wa Mombasa na wa Tanganyika wakazikariri sauti ambazo maneno yake hawakuyaelewa. Inasimuliwa kwamba Salum aliupenda muziki huo hata akafunga safari ya kwenda Kuba kwenyewe, akafika Mombasa, na safari ikaishia hapo. Kijana wa kidukani kutoka Morogoro, akitafuta meli ya kwenda ng'ambo ya bahari asiyoijua! Wengi huisimulia habari hii kwa kucheka.

Mimi siichekei. Kuba ilikuwa nchi ambayo muziki wake ulitokana na watumwa wa Kiafrika na walowezi wa Kihispania, na hakuna aliyethubutu kuuita muziki ule nusu ya muziki. Na neno marimba, lile la pili katika jina la bendi, ni neno la Kibantu. Lilivuka Atlantiki midomoni mwa watu waliofungwa minyororo, likakaa kule miaka mingi, likarudi likiwa limeandikwa kwenye ngoma za bendi katika mji uliokuwa juu ya barabara ya misafara, ambayo nayo ilipitisha watu waliofungwa. Siwezi kudai kwamba Salum aliyafikiria haya alipolichagua jina. Huenda lilimpendeza tu sikioni. Lakini angalieni lilichomfanyia. Lilimpa asili ya tatu, isiyokuwa ya baba wala ya mama, ambayo kila kijana wa Morogoro, awe na wazazi wa namna gani, aliweza kuidai sawa na yeye. Mbele ya rumba wote walikuwa wageni, na kwa hiyo wote walikuwa wenyeji.

Na maneno yalikuwa ya Kiswahili. Hilo nalo si dogo. Angeweza kuimba Kiluguru, na mama yangu angefurahi. Angeweza kushika kinanda cha taarabu ya pwani, na watu wa upande wa baba wangeuona huo ndio ustaarabu. Alichagua lugha ambayo karani, kibarua wa mkonge na mwuza ndizi waliisikia pamoja. "Ngoma Iko Huku", wimbo ambao jina lake lilipewa mkusanyo wa nyimbo zake uliotolewa upya Ujerumani mwaka 2000, una hoja yake nzima katika jina: ngoma haiko Havana wala pwani, iko huku.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, wabunge wa Tanganyika walijadili muswada wa uraia. Wapo waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere alisimama kidete kuupinga msimamo huo, akaweka hatari serikali yake mwenyewe, na sheria ikapita bila kigezo cha rangi: aliyezaliwa nchini, na mzazi wake mmoja akiwa amezaliwa nchini, alikuwa raia. Mwaka 1963 TANU nayo ilifungua milango ya uanachama kwa watu wa rangi zote. Kisha ikaja Januari 1964, Mapinduzi ya Zanzibar, na mauaji ya Waarabu visiwani. Bara hapakumwagika damu ya namna hiyo, lakini habari zilifika. Katika nyumba yetu, kama nilivyosimuliwa na mama, baba alifunga duka mapema kwa majuma kadhaa, na wajomba zangu waliteremka kutoka Matombo wakalala barazani. Hawakuja kumlinda Mwarabu. Walikuja kwa dada yao na watoto wa lukolo.

Katika majira hayo mtu mwenye jina la Kiarabu alikuwa akisimama jukwaani mbele ya umati wa Waafrika, akishangiliwa. Wimbo wake "Wanawake wa Tanzania" unabeba jina ambalo nchi ililipata Oktoba 1964, na yeye alifariki katika ajali ya gari Novemba 1965. Basi ama aliutunga ama aliubatiza upya katika ule mwaka mmoja ulio kati ya tarehe hizo mbili. Nchi ilikuwa bado haijazoea kujiita Tanzania, naye alikwishawaita wanawake wake kwa jina hilo. Hapo ndipo, nadhani, watu waliokuwa na hofu kama ya baba yangu walipoona kitu. Walimwona mtu anayetumia "yetu" bila kuomba ruhusa.

Lazima hata hivyo niweke breki, kwani ni rahisi kwa aliyejiona katika kioo kudhani kwamba kioo kilimkusudia. Katika nyimbo za Salum nilizozisikia zimo za mapenzi, za kulalamika, za kuonya na za kuusifu mji, lakini sikumbuki hata mmoja unaozungumzia asili yake. Hakuimba kwamba yeye ni mtoto wa pande mbili. Kwa muda mrefu nilikichukulia kimya hicho kuwa ni woga, hata nikamlaumu katika mhadhara wa darasani, nikisema alikwepa. Leo naona nilikosea. Nilikuwa nikimdai aijibu karatasi ya karani, ilhali yeye alikulia katika nyumba ambamo swali lile halikuwapo. Mtu haimbi juu ya upungufu asiokuwa nao.

Niliungamie jambo moja zaidi. Baba yangu alipofariki mwaka 1994, mjomba wangu mkubwa aliniita Matombo akanionyesha kipande cha ardhi ya ukoo, akasema kilikuwa kikinisubiri. Nilikuwa mtu mzima, mwenye shahada, na nilikataa kwa adabu. Nilimwambia, "Mjomba, wapewe wenye haki kamili, mimi ni nusu tu." Hakukasirika. Alikaa kimya, akachukua fimbo yake, akaniuliza, "Nusu ya mama yako iko wapi, nikaizike?" Nilikuwa nimemtukana dada yake, naye aliniambia hivyo kwa kuuliza tu.

Nilirudi mjini bila kulala huko. Wakati huo nilikuwa na kaseti ya nyimbo za Cuban Marimba, iliyonakiliwa vibaya, sauti za mbele zikimezwa na mkwaruzo wa santuri. Niliisikiliza njia nzima nikimtafuta mtoto wa Yazidu na mtoto wa dada yetu, niseme ni wapi mmoja anaishia na mwingine anaanzia. Sauti ilikuwa moja.

Katiba na sensa zimekwenda mbele ya watu kama mimi katika jambo hili. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho nchini Tanzania kuuliza kabila, na zilizofuata, kuanzia 1978 hadi 2022, hazikuwa na safu hiyo. Mtaani neno chotara linaishi bado, wakati mwingine kwa dharau na wakati mwingine, siku hizi, kwa kusifia uzuri wa sura, jambo ambalo silioni kuwa nafuu kubwa, maana bado ni karani yule yule anayetazama nywele.

Mjomba aliishi miaka sita baada ya siku ile. Nilirudi Matombo katika mwaka wake wa mwisho na kumwomba radhi mbele ya dada zake waliokuwa hai. Alinipeleka tena kwenye kipande kile. Hakikuwa kimegawiwa mtu, na alikuwa amepanda migomba mipakani ili kisivamiwe. Aliniambia migomba ile nisiihesabu kuwa ni yake.